Utasoma Nini Njiani, Papa?

Likasi, Jumapili baada ya misa, mwaka wa pili wa bendera ya Katanga, na wa thelathini na mmoja tangu niondoke Kasai.

Mwanangu Ngalula,

Jana uliniuliza, "Utasoma nini njiani, Papa?" Uliuliza umenipa mgongo, unakunja mashati yangu juu ya kitanda, kana kwamba jambo la mimi kupanda treni ya kesho limekwisha kuamuliwa na kilichobaki ni kuchagua kitabu. Nakufahamu. Tangu utoto hujawahi kuomba kitu moja kwa moja. Ulipotaka sukari uliuliza kama chai imepoa. Umeniandikishia nafasi kwenye treni inayowachukua watu wa Kasai, hukuniuliza, na sasa ungependa nikubali kwa kutaja jina la kitabu.

Sikukujibu. Leo umekwenda kuwaaga walimu wenzako, wale wachache ambao bado wanathubutu kukufungulia mlango, na nyumba imetulia. Nitakujibu kwa maandishi kwa sababu ndivyo ninavyoweza kusema jambo bila kukatizwa na uso wako.

Sitakuambia namna ya kufunga mizigo, wala maji gani unywe, wala ukae upande gani wa behewa. Hayo unayajua kunishinda. Nitakuambia ninachosoma safarini, maana uliuliza.

Watu wachache waliojua kwamba Bwana Taa wa gazeti la wafanyakazi ni mimi walidhani kwamba mtu anayeandika hadithi za mauaji husafiri na hadithi za mauaji. Mama yako alijua si hivyo. Mjomba wako Mumba alijua pia, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikisafiri naye mara nyingi. Wewe ulikuwa bado mdogo.

Nilipoanza kuandika, ni kweli, nilikuwa nasoma hivyo. Karibu na soko palikuwa na duka la Mgiriki mmoja aliyeuza riwaya za Kifaransa zilizokwishasomwa na Wazungu wa kiwandani, nyingine bila jalada. Nilizichukua kwenda nazo Kolwezi, Kamina, Élisabethville, kokote ofisi iliponituma. Nilizisoma kama fundi cherehani anavyotazama shati la mtu mwingine. Hakuna raha ndani yake. Unatazama mshono tu. Ukifika ukurasa wa kumi umekwisha kujua kwa nini mwandishi ametaja mvua, na kwa nini yule daktari ni mpole kupita kiasi. Unafika mwisho wa safari umechoka kama mtu aliyeshinda kazini.

Kisha siku moja, nikienda Kolwezi, niliusahau mfuko wa vitabu mezani. Nilichokuwa nacho ni kijitabu cha ufugaji wa kuku ambacho mama yako alinipa nimpelekee dada yake. Nilikifungua kwa hasira. Kilisema kuku anayeatamia asisumbuliwe. Kilisema maji yabadilishwe kila asubuhi, na tundu za wavu ziwe ndogo kuliko kichwa cha panya. Aliyekiandika, sijui ni nani, hakuwa na haja ya kunishtua. Kila alichoahidi kwenye ukurasa mmoja kilitokea kwenye ukurasa uliofuata: yai lililotunzwa likapasuka, kifaranga akatoka. Tulipofika Kolwezi nilisikitika. Dada ya mama yako hakukipata kijitabu chake, na mpaka leo anadhani mama yako ndiye aliyemnyima.

Tangu siku ile nilisafiri na vitabu ambavyo hakuna anayekufa ndani yake isipokuwa panya. Ufugaji wa nyuki. Kutengeneza baiskeli. Kitabu cha mapishi cha masista, chenye vyakula ambavyo sijawahi kuvionja wala sitavionja. Atlasi ya shule. Orodha ya mbegu za bustani, yenye picha za kabichi kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Gazeti sikulisoma njiani hata mara moja. Kitabu cha sala nilikijaribu nikakiacha: mtu akikuona unasali kwenye treni anaanza kushika kamba ya mzigo wake, anadhani unajua jambo.

Sababu yangu ilikuwa hii. Safarini mtu tayari yumo ndani ya hadithi ya upelelezi. Hujui nani atapanda kituo kijacho. Hujui kama yule anayekutabasamia anakutazama wewe au mfuko wako. Hujui kama treni itafika. Kumwongezea mtu huyo hofu ya kutungwa ni kumpa pilipili mtu mwenye kidonda mdomoni. Na kama ilinibidi kusoma riwaya njiani, kwa kuwa mtu kanipa na ataniuliza, nilisoma mwisho kwanza. Mama yako aliniambia huo ni uchoyo. Nilimwambia treni inaweza kusimama katikati ya kitabu. Nilikuwa nafanya mzaha.

Sasa nikueleze kuhusu hadithi zangu mwenyewe, kwa sababu watu wa rika lako mnazikumbuka kwa upendo, na jana nilikuona umetia mbili kwenye sanduku lako.

Ziliandikwa vizuri. Sitajidharau. Niliweka maiti kwenye mtambo wa umeme wa Koni, na msomaji alisikia maji ya Lufira hadi mwisho. Niliweka wizi wa shaba Kamatanda. Mara moja nilijaribu kuweka maiti Shinkolobwe, kwenye mgodi ambao wakubwa hawakutaka utajwe. Mhariri wetu, Mbelgiji mpole aliyeongea kwa sauti ya chini kama mgonjwa, aliniita ofisini akanirudishia karatasi. "Huko hakuna maiti," akasema. "Huko hakuna hata huko." Maiti ikahamia Kamatanda, akaridhika.

Hakuniomba kubadilisha kitu kingine chochote. Mkosaji wangu mhariri alimpenda tangu mwanzo. Katika kila hadithi yangu, Ngalula, mkosaji alikuwa mtu aliyetoka mbali. Mara alikuwa dereva kutoka Angola. Mara muuza nguo kutoka Nyasa. Mara tatu, kama si nne, alikuwa mtu wa Kasai: seremala, mpishi, karani mwenye Kifaransa kizuri mno. Mimi mwenyewe nilikuwa karani wa Kasai mwenye Kifaransa kizuri.

Usifikiri niliwachukia watu wangu. Ilikuwa njia rahisi, basi. Mkosaji akiwa mwenyeji, lazima ueleze: alizaliwa wapi, nani alimkosea, kaka yake atasema nini, mama yake atamlilia vipi. Kurasa zinajaa. Mgeni haulizwi mambo hayo. Amekuja peke yake na sanduku, na hakuna msomaji anayemjua mama yake. Ukimfunga pingu mwishoni, hakuna mtu kijijini anayeumia. Kila mtu anarudi kwenye chakula chake.

Nami nilidhani jina la Bwana Taa limenipa kiti ndani ya nyumba. Nilikuwa nimeoa hapa, mama yako Musanga, wa kabila la hapa hapa, wakwe zangu wamezikwa umbali wa kutembea. Nilifikiri mgeni ni mtu mwingine.

Raha yangu kubwa ilikuwa ndani ya behewa la daraja la tatu. Wewe hukuwahi kuiona desturi ile, imekufa. Mtu anayejua kusoma alifungua gazeti na kuwasomea wengine kwa sauti, na kabla ya ukurasa wa mwisho alinyamazishwa ili watu waweke karanga. Kila mmoja aliweka gao lake, kiganja kimoja cha karanga, juu ya kikapu upande wa yule anayemshuku, na walioshinda waligawana zote. Mimi nilikaa kimya na kitabu changu cha nyuki, nasikiliza watu wakinisoma. Siku moja msomaji alikuwa kijana wa ghala mwenye miwani, na kando yake mama mmoja mnene aliyepakata majogoo wawili.

"Simama hapo!" mama yule akapiga kelele. "Bado kumaliza! Kwanza tuweke kalanga. Nani aliua?"

"Bibi yake," akasema mzee mmoja, yaani mke wa marehemu.

"Bibi yake? Papa, weye unasikia ama unalala? Bibi iko kwa kilio tangu asubui!"

"Kwa kilio ndiyo wanafichamana."

"Basi weka kalanga yako kwa ule bibi, tutakukulia. Minye naweka kwa ule seremala."

"Ule wa Kasai?"

"Sasa nani tena? Hakuna muntu anamujua mama yake."

Wote wakacheka, na karanga zikamiminika upande wa seremala. Mjomba wako naye akaweka magao mawili, mwizi yule, ilhali usiku uliotangulia nilikuwa nimemsomea mwisho wa hadithi ile sebuleni kwetu. Tulipofika Likasi alinipa nusu ya karanga alizoshinda. Tukazila tukitembea, tukicheka kama watoto waliopora muhogo. Mumba alisema, "Shemeji, weye unaweza kutajirika kwa kuua watu." Nilijiona mwenye heri. Kwa miaka kadhaa nilimsimulia kila mgeni wetu habari ya yule mama na majogoo wake, na nilikuwa najivunia, najivunia sana, kwamba aliweka karanga zake mahali nilipotaka.

Ulikuwa tayari mtu mzima wakuu waliposema Katanga ni nchi peke yake, kwa hiyo sitakusimulia. Uliona wewe mwenyewe jinsi salamu zilivyopungua mtaani. Uliona nyumba za akina Mbuyi, watu wa Kasai kama sisi, zilivyochomwa. Ulikuwa darasani ulipoambiwa usirudi tena, kitabu cha watoto kikiwa bado mkononi mwako. Lakini kuna safari moja sikukuambia habari zake, wala mama yako hakuzijua, na kesho utakuwa ndani ya behewa kama lile.

Ilikuwa mwaka jana, mama yako alipokuwa anaumwa kifua na hospitali ya hapa haikuwa na dawa. Mimi na mjomba wako tulikwenda Élisabethville tukaipata. Wakati wa kurudi dawa ilikuwa ndani ya mfuko wangu, chini ya kiti, na mimi nilikuwa na kijitabu cha kuku, kipya, si kile cha Kolwezi. Mumba alikaa ubavuni mwangu. Hakuna aliyesoma kwa sauti. Watu hawakuwa wakizungumza na mtu wasiyemjua.

Baada ya Luishia treni ilisimama mahali ambapo si kituo. Wakapanda vijana watatu wenye fimbo. Hawakuwa askari. Mmoja alikuwa amevaa kofia ya mvua ingawa jua lilikuwa kali. Alisimama katikati ya behewa akasema kwa adabu nzuri, kama mwalimu:

"Wenyeji wote, jambo yenu. Tunaomba tu mutuonyeshe wageni."

Behewa likanyamaza. Naujua ukimya ule. Nimeuandika mara nyingi: watu wanatazamana, wanafikiri, wanachagua. Halafu mtu mmoja, mwanamke, si yule wa majogoo, hata hakuwa na ubaya usoni, alinyoosha kidevu upande wangu.

"Ule mwenye kusoma. Tangu tulitoka hasemi."

Kijana wa kofia akanijia. "Papa, jambo."

"Jambo, kijana."

"Unasoma nini?"

"Kuku."

"Nini?"

"Namna ya kufuga kuku."

Akakichukua, akakigeuza, akawaonyesha wenzake picha ya jogoo. "Bandugu, muone! Muntu wa Kasai! Walikula kazi yetu, walikula manyumba yetu, sasa anajifunza kukula makuku yetu!"

Behewa zima likacheka, Ngalula. Kilikuwa kichekesho kizuri. Kama ningekuwa nimekaa na kitabu changu cha nyuki na mtu mwingine ndiye aliyesimamishwa, sijui kama nisingecheka.

"Nani anamujua huyu Papa?" kijana akauliza. "Kama kuna muntu anamujua, aseme, tutamuacha. Hatuko wabaya."

Nilimtazama mjomba wako. Mtu mmoja tu alihitajika kusema maneno manne, mume wa dada yangu, na yeye ni Musanga mwenye jina la babu yake, hakuna ambaye angemgusa. Alikuwa ametazama nje ya dirisha.

"Na weye, mwenye kukaa naye?"

"Minye?" akasema Mumba. "Minye tulikutana tu hapa kwa kiti."

Wakanishika mkono kunisimamisha. Wakati huo nilitazama chini, na nikaona mguu wa Mumba ukiuvuta mfuko wangu taratibu, ukauingiza nyuma ya visigino vyake. Sikuuomba mfuko. Nilishuka na nilichovaa. Walichukua viatu na koti, wakanipiga kidogo, si sana, wakaniambia Kasai iko upande ule. Treni ikaondoka na kitabu changu.

Nilitembea kando ya reli. Nililala kwa mlinzi mmoja wa reli ambaye hakuniuliza jina, na namshukuru kwa hilo kuliko kwa uji alionipa. Kesho yake adhuhuri nilifika nyumbani. Mjomba wako alikuwa uani, anamega bukari na kuichovya kwenye sombe ya majani ya muhogo. Mama yako alikuwa amekaa kitini, ameshamaliza kunywa dozi ya kwanza ya dawa, macho yanang'aa.

"Shemeji," akasema Mumba, "ulikawia."

Mama yako akaanza kulia na kumbariki kaka yake. Alikuwa amekwisha kuelezwa kila kitu. Jinsi Mumba alivyowakabili wale vijana. Jinsi alivyomshika mmoja ukosi. Jinsi walivyokuwa wengi mno. Alikuwa amejikwaruza hata kiwiko, sijui wapi. Nilikaa, mama yako akanipakulia. Tulikula kutoka sahani moja, mimi na Mumba, nami nikasema ni kweli, walikuwa wengi.

Baadaye alinifuata nyuma ya jiko. "Ningesema, tungeshushwa wawili," akaniambia. "Na dawa?"

Hapo ndipo penye uchungu wote, mwanangu: huenda alisema kweli. Huenda katika nukta ile moja alipima, dada yake na mimi, akachagua vizuri. Au huenda aliogopa, kisha mguu wake ukamtafutia sababu. Nimelitazama suala hili kwa ujuzi wote nilionao wa kutazama mambo ya namna hii, na mguu ule sijaufumbua. Mama yako alikufa mvua zilipoanza, dawa haikumsaidia, na alikufa akijivunia kaka yake. Sikumnyang'anya jambo hilo.

Wakati wa kilio nilijaribu kuandika hadithi ambayo Mumba ndiye mkosaji. Nilitaka kumwona na pingu, angalau kwenye karatasi. Niliandika kurasa nyingi. Kila nilipomfikisha mwishoni nilimwona mama yake, bibi yako, aliyenipokea nikiwa kijana mwenye sanduku moja, akanipikia, akaniuliza habari za mama yangu kwa jina. Mkono ulikataa. Nilimjua mno. Ndipo nilipoelewa hasa nilichokuwa nimewafanyia wale maseremala na wapishi miaka yote ile, na ndipo Bwana Taa alipoacha kuandika.

Ulifikiri ni macho. Macho yangu ni mazima.

Kesho mjomba wako atakuja kukubebea sanduku hadi stesheni. Mwache alibebe. Sikukueleza haya ili umtemee mate mbele ya watu, wala ili umsamehe. Hilo ni lako na yeye, na umri wako unatosha. Nilikueleza kwa sababu huko uendako utasikia watu wakimtafuta aliyeleta mabaya haya yote, na watampata haraka, na atakuwa ametoka mbali. Usiweke karanga zako.

Wala usifikiri huko utakuwa mwenyeji. Hilo ndilo ninaloogopa zaidi kwa ajili yako, kuliko njia yenyewe. Unazungumza Kiluba chetu kama mtu anayesoma kitabini, neno kwa neno, na mwisho wa kila sentensi yako Likasi inasikika. Watakuita mtoto wa Katanga. Watakupenda, watakuhurumia, watakupa sahani yenye nyama, na hawatakupa kazi ya kusonga chakula pamoja nao jikoni. Ukiona hivyo usikasirike na usiwalipe kwa kujigamba habari za umeme na barabara za huku. Nenda jikoni bila kuitwa. Chukua mwiko. Wakikunyang'anya, uchukue tena kesho yake.

Mimi sikufanya hivyo, na sasa nafika kwenye jibu unalolingojea.

Unakumbuka nilikwenda Kasai mara moja, baba yangu alipofariki. Ulikuwa unaanza shule. Nilirudi baada ya muda mfupi, mama yako akanishangaa, nikamwambia likizo imekwisha. Haikuwa imekwisha. Nilifika kijijini jioni na viatu vyangu vya ngozi, na ndugu zangu walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka kuzunguka moto, kama inavyokaliwa kwa kilio. Mdogo wangu, niliyemfundisha kutembea, aliinuka akanisalimu kwa mikono miwili, akaenda ndani akaniletea kiti. Kiti cha wageni. Kile ambacho baba alikuwa akimtolea padri. Nilisema nitakaa mkekani. Wakasema, "Hapana, kaka, umetoka mbali, utachafua suruali." Nikakaa. Siku zote za kilio cha baba yangu nilikaa juu ya kiti, peke yangu, magoti yangu yakiwa sawa na nyuso za ndugu zangu, na kila nilipofungua mdomo walininyamazia kwa heshima. Usiku mmoja walizungumza jambo la shamba la baba. Waliposikia nakohoa wakabadilisha mazungumzo.

Hawakuwa na nia mbaya. Ningeweza kushuka kile kiti nikakaa chini, suruali na yote. Niliona aibu. Nilikuwa naona fahari kidogo pia, niseme kweli. Na kiti kama hicho, mtu akikaa siku za kutosha, kinakuwa chake.

Kwa hiyo nafasi uliyoniandikishia ni nafasi ya kwenda kwenye kiti kile. Huku Likasi wananiita mtu wa Kasai, na kule wataniita mtu wa Katanga, na ningeweza kuchagua kati ya matusi hayo mawili kama ningekuwa na umri wako. Huku angalau matusi yanasemwa kwa lugha niliyoandikia hadithi zangu. Huku kuna kaburi la mama yako, ambalo ndugu zake wanalipalilia upande mmoja tu, ule wa barabarani. Usidhani ninabaki kwa mapenzi. Mapenzi yangu na mji huu yaliisha kando ya reli. Ninabaki kwa kuwa huku najua ni nani aliyeninyima salamu, na kwa nini, na jina la mama yake.

Nilijua ukinitazama usoni ningesema ndiyo, ningepanda, na ungenibeba miaka yote iliyobaki kama unavyobeba sanduku la mtu mwingine. Wewe ni wa kwenda jikoni na kuchukua mwiko. Hutaweza ukiwa na mzee juu ya kiti uani, anayehitaji kutafsiriwa.

Jirani yetu Mama Odia ana mtoto wa kike aliyekosa nafasi. Nimekwisha kumwambia mama yake, na binti huyo atakuwa stesheni kabla yako akiwa na kipande cha safari chenye jina langu. Atakaa pembeni yako. Ni msemaji sana, hutapata kusoma chochote. Mashati yangu nimeyatoa sandukuni, utaona limekuwa jepesi.

Barua hii utaikuta juu ya sanduku kesho alfajiri, mimi nimekwisha kutoka; usinifuate kunishawishi. Nitakuwa makaburini mpaka treni ipite. Ndugu zangu wakikuuliza, usiwaambie mimi ni mgonjwa, wala kwamba nitafuata mambo yakitulia. Waambie nilivyokuandikia hapa: kaka yenu hatarudi.

Baba yako.